Arusha kwa Ncha ya Sindano

Mwezi Julai, Arusha huamka ikiwa imejifunika. Ukungu unateremka kutoka Mlima Meru, unapita juu ya migomba ya Ilboru na Sekei, unatanda mitaani hadi kwenye Mnara wa Saa, na sisi wa pwani tunabaki tunasugua viganja. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na kwa mtu aliyekulia Tanga, baridi ya saa kumi na mbili asubuhi ni habari ya kuwapigia simu watu wa nyumbani. Wenyeji wamejiandaa vizuri: makoti mazito ya mitumba, kofia za sufu zilizovutwa hadi masikioni, shuka nyekundu zilizovaliwa rubega juu ya sweta.

Nimekuja na mfuko wa sindano, nyuzi na vipande vya vitenge. Kazi ninayoipenda ni kushona mifarishi, yale mablanketi ya viraka ambayo bibi zetu walitengeneza kutokana na mabaki ya nguo za nyumba nzima, na nimetaka niuone mji huu kupitia mikono ya watu wake. Wageni wengi huipita Arusha mbio. Wanalala usiku mmoja, alfajiri wako njiani kwenda Ngorongoro au Serengeti. Wanakosa raha kubwa, kwa sababu kazi za mikono hapa hufanyika barazani, mbele ya macho ya kila mpita njia, na ukisimama kidogo kutazama utavutiwa kigoda, utamiminiwa chai, halafu utapewa kazi.

Siku yenyewe ni Jumamosi, na naianzia Soko Kuu. Karoti bado zina udongo mweusi wa mlimani, parachichi zimepangwa mafungu mafungu, na moshi wa mkaa umechanganyika na harufu ya tangawizi inayochemka. Kwa mama ntilie mmoja naagiza mtori: ndizi zilizopondwa ndani ya mchuzi wa nyama, mzito, wa moto, wa kufungua kifua. Sijamaliza sentensi, lafudhi imeshanitangaza. "Wewe ni wa pwani," anasema. "Sogea hapa karibu na jiko." Anaongeza pilipili bila kuombwa, na kipande cha pili cha nyama pia.

Kutoka sokoni, mitaa ya maduka ya vitenge iko hatua chache tu. Mji huu una historia yake ya nguo. Kiwanda cha Sunflag kilianzishwa hapa mwaka 1965. Nje ya maduka, chini ya mabati yanayodondosha manyunyu, mafundi cherehani wamejipanga safu moja, kila mmoja na meza yake, pasi yake ya mkaa na gauni alilolitundika ukutani kama tangazo. Nachagua baraza ya mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umeleta cha kurekebisha?"

Namwambia nimekuja kutazama, na kama atakubali, kushona naye kidogo blanketi langu la viraka. Anacheka, anainama, anavuta kiroba kutoka chini ya meza. Ndani kuna mabaki ya miezi kadhaa: pembe za vitenge vya harusi, vipande vya sare za shule, kanga iliyobaki upindo tu. Ana kipande cha boksi alichokikata mraba, kimelainika pembeni kwa kutumika. Anakilaza juu ya kitambaa, anazungusha chaki, anakata. Rangi kali haikai karibu na rangi kali, ananieleza. Katikati yao iwekwe nyeusi au kaniki, macho yapate pa kupumzika. Anaunga mistari ya miraba mitatu mitatu, anafungua mshono kwa ukucha kabla ya kuupiga pasi, kisha analaza mstari juu ya mstari na kuubana kwa pini pale pale mishono inapokutana. Akigeuza upande wa juu, pembe nne zimekutana bila kupishana hata unywele.

Umeme unakatika tukiwa katikati ya kazi. Redio ya duka la jirani inanyamaza, lakini barazani hakuna anayeinua kichwa, kwa sababu cherehani hizi huendeshwa kwa miguu. Wateja nao hawana haraka. Binti aliyekuja kuchukua sketi anakaa kunichagulia vipande. Mama mwenye mtoto mgongoni anasema kile cha njano kimezidi, nacho kinaondolewa kwa kura za wote. Ninapotaka kulipia mabaki, mzee anakataa. Anaomba picha tu, nimtumie nikimaliza.

Kwa miguu naelekea Fire Road, kwenye Soko la Wamasai. Njiani vijana wanakufuata na bangili mkononi, "Dada, kuangalia ni bure!", na mwendo mfupi unaweza kumaliza nusu ya asubuhi. Usikasirike. Ukiwajibu kwa utani wanageuka kuwa waongozaji, wanakuvusha barabara, wanakuonyesha kibanda cha shangazi yao. Ndani ya soko vibanda vimebanana: vinyago, michoro ya Tingatinga, vikapu, ngozi, na kila mahali shanga.

"Takwenya," ananisalimu mama mmoja aliyekaa juu ya mkeka. Najibu "Iko" kwa sauti ya mtu anayejifunza, na wenzake wanashangilia. Wote hapa wanamwita Yeyo, mama, nami namwita hivyo hivyo. Mbele yake kuna kifuniko cha ndoo, na juu yake shanga zimetengwa vichuguu: nyeupe, nyekundu, buluu, kijani, rangi ya chungwa. Anatengeneza ule mkufu mpana unaolala mabegani. Ncha ya waya mwembamba anaichovya kwenye kichuguu, inatoka na punje nne au tano, anazisukuma kwa kidole gumba, anachovya tena. Hatazami. Macho yako kwangu, maneno yako kwangu, vidole vinahesabu vyenyewe. Ili duara lisipinde, mizunguko inashikwa na vipande vyembamba alivyovikata kutoka dumu kuukuu la plastiki na kuvitoboa safu ya matundu. Zamani, anasema, vilikuwa vya ngozi. Nyeupe ni maziwa, nyekundu ni damu na ushujaa, kijani ni majani ya malisho, buluu ni mbingu iletayo mvua. Ananipa waya, nami nafanya mzunguko mmoja wakati yeye anamaliza minne.

Shanga hizo ndogo zimesafiri kuliko wengi wetu. Katika karne ya 19 zilitoka Venice na Bohemia, zikavuka bahari hadi Unguja, zikapandishwa na misafara iliyoanzia miji kama Pangani, nyumbani kwetu mkoani Tanga, kufuata bonde la mto hadi nchi ya Wamasai. Mpaka leo shanga bora hutoka Ucheki, hasa mji wa Jablonec, na mama huyu anazitambua kwa kuzipitisha kati ya vidole: punje zake zinalingana, mstari unanyooka. Vioo vya Ulaya vimekuja kwa meli, na wanawake wa hapa wamevipa lugha.

Magharibi mwa mji, barabara ya kwenda Dodoma inapita kwenye mashamba ya kahawa ya Burka. Huko, ndani ya Arusha Coffee Lodge, iko karakana ya Shanga. Ilianza 2007 kwa mikufu ya shanga, na mafundi wake ni watu wenye ulemavu, wengi wao viziwi. Chupa tupu zinayeyushwa kwenye tanuru na kupulizwa zikawa glasi, vikombe na shanga mpya. Pembeni vitanda vya kufumia vinagonga, na meza za kushonea zimejaa vitenge. Joto la tanuru ni zawadi kubwa siku ya baridi. Kijana mmoja ananifundisha kusalimia kwa mikono, ananirekebisha kidole kwa upole mpaka nipate, kisha anaonyesha blanketi langu la viraka na kuniuliza kwa ishara kama mishono ni ya mkono. Namwonyesha sindano. Anaichukua na kunishonea mraba mzima, mishono midogo, sawa, isiyoonekana. Tumezungumza muda mrefu bila neno.

Mchana narudi upande wa mashariki. "Tengeru, Usa! Tengeru, Usa!" konda anaita, na Hiace iliyojaa inapata nafasi ya watu watatu zaidi. Nakaa na ndoo ya mtu mapajani na kuku miguuni, vumbi linaingia dirishani, na kabla hatujafika Tengeru abiria wa mbele yangu wamejua natoka wapi, nalala wapi na nimeolewa au la. Ubavu unauma na moyo umefurahi.

Soko la Tengeru hufurika Jumatano na Jumamosi. Akina mama wa Kimeru wanashuka kutoka vijiji vya mlimani na mikungu ya ndizi kichwani. Waarusha na Wamasai wanaleta mbuzi, maziwa na ugoro. Mtengeneza makatambuga amekaa juu ya rundo la matairi. Anauweka mguu wa mteja juu ya mpira, anauzungushia chaki, anakata kwa kisu kilichonolewa hadi kikapungua upana, kisha anapigilia mikanda kwa misumari midogo. Mteja anaondoka na viatu vya kumvusha masika kadhaa. Kando yake mama mmoja anasuka kikapu huku anauza parachichi. Kwake nakula loshoro, mahindi yaliyokobolewa, yakapikwa na kuchanganywa na maziwa ya mgando, chachu kidogo, baridi, yenye kushibisha hadi kesho.

Si mbali na soko kuna makaburi ya Wapolandi. Kuanzia 1942, wakati wa vita, wakimbizi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Tengeru baada ya safari ndefu kutoka Umoja wa Kisovieti kupitia Uajemi, kisha kwa meli hadi Afrika Mashariki. Waliishi kwenye nyumba za duara chini ya Meru, wakajenga kanisa na shule, wakalima, wakafungua karakana. Makaburi yametunzwa, misalaba imenyooka, maua yamepandwa. Nilisimama hapo nikiwafikiria akina mama waliovuka nusu ya dunia wakiwa na kile tu walichoweza kubeba, wakafika mahali ambapo jirani hakujua lugha yao lakini alijua kushona, kusuka na kulima. Tengeru imezoea kupokea wageni.

Na kunipokea, ilinipokea. Yule mama wa kikapu alipofunga biashara yake alisema tu, "Twende nyumbani ukanywe chai." Nyumba yake iko juu ya soko, ndani ya migomba na mibuni, ng'ombe zizini, mfereji mdogo wa maji ya mlimani ukipita pembeni. Chai ililetwa na maziwa mengi. Mabinti zake walimwaga viraka vyangu juu ya mkeka, wakavipanga na kuvipangua, wakabishana, wakatafuta kipande cha kanga yao wenyewe na kukidai kiwe katikati. Tulishona hadi mwanga ulipopungua. Bibi wa nyumba alishika ncha moja ya blanketi, akajifunika nalo magoti, akatangaza kwamba halitoki hapa bila kukamilika. Jioni hiyo wingu lilifunguka na Meru ikaonekana nzima, mita 4,566, mlima wa pili kwa urefu Tanzania, na watoto wakanionyesha kilele kwa fahari.

Msomaji, ukipanga safari ya Arusha, jitengee siku kwa ajili ya mji wenyewe. Nenda Jumatano au Jumamosi ili uikute Tengeru ikiwa hai. Beba sweta, beba chenji, na beba kazi ya mkono unayoipenda, iwe sindano, kulabu ya kufumia au ukili wa kusuka. Ni utambulisho unaoeleweka kwenye kila baraza. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Na ukinunua, patana kwa adabu, lakini kumbuka zile punje zilizochovywa nne nne kwa ncha ya waya, umlipe fundi thamani ya siku zake. Vitu vizuri vya Arusha vinanunulika. Kukaa mkekani na waliovitengeneza hakuuzwi, na wenyeji wa huko wanakupa bure.