Karamu ya Siku Chache

Tarehe 17 Oktoba 1961, saa tisa na dakika 47 alasiri, katika chumba nambari 13 cha hoteli moja ndogo ya mtaa wa Mouffetard, Paris, Daniel Spoerri aliichorea ramani meza yake. Kila kilichokuwa juu yake alikipa nambari na kisa chake: kipande cha mkate kilichokwisha kung'atwa, vijiti vya kiberiti, chumvi. Vyote vilifika 80. Kitabu kilichotokana na ramani hiyo kilitoka mwaka 1962. Mwaka 1966 Emmett Williams alikifasiri kwa Kiingereza, akatia maelezo yake mwenyewe. Mwaka 1968 Dieter Roth alikifasiri kwa Kijerumani, naye akayaongezea maelezo yale maelezo mengine.

Mimi ambaye tafsiri ndiyo kazi yangu, nilikihusudu kitabu hiki kabla sijajua lolote kuhusu sanaa ya mtu huyu. Mfasiri aghalabu hutakiwa apite kimya kama mtumishi aliyeleta birika. Humu, wafasiri wameketi pamoja na mwandishi, nao wanadokoa.

Baadaye ndipo nilipoyajua mengine. Tangu mwaka 1960 Spoerri alikuwa akigandisha mabaki ya mlo, sahani, vikombe na majivu ya sigara juu ya ubao, kisha akiutundika ubao huo ukutani. Mwezi Machi 1963 aliigeuza nyumba ya sanaa moja ya Paris kuwa mkahawa kwa siku chache tu. Mpishi alikuwa yeye mwenyewe, na wahakiki wa sanaa ndio waliobeba sahani. (Nawajua wahakiki wawili watatu wa ushairi ambao kazi hiyo ingewafaa sana.) Mwaka 1968 alifungua mkahawa Düsseldorf, na mwaka 1970 akaongeza juu yake nyumba ya sanaa itokanayo na chakula.

Miji ya Ulaya imejaa mambo ya jinsi hii, nami kila nilipopata nafasi ya kuyaona sikuiacha. Mengine ni mapambo ya matajiri tu, yasiyostahili wino. Lakini liko banda la London. Mwaka 2000, jumba la sanaa la Serpentine, ndani ya Kensington Gardens, lilimwomba Zaha Hadid, msanifu majengo mzaliwa wa Baghdad, alijengee hema la dhifa ya usiku mmoja. Hema lilipendeza, likaachwa lisimame miezi mitatu, na tangu hapo ikawa desturi kumwita msanifu mwingine kila kiangazi ajenge banda lake, kisha libomolewe.

La mwaka 2023 nililikuta. Lilikuwa la Lina Ghotmeh, mzaliwa wa Beirut: mbao tupu, paa la mikunjo kama ukuti, na ndani meza ndefu zilizozunguka kwa duara, mtu anaketi akiwatazama wageni asiowajua. Wazo mojawapo alilichukua kwa Wadogon wa Mali, ambao banda lao la baraza ya wazee huwekewa paa la chini, hata mwenye kuhamaki hawezi kuinuka wima akapaza sauti. Nilikaa kitambo kirefu kuliko nilivyokusudia. Bibi mmoja alinisogezea nusu ya andazi lake bila kuniuliza jina.

Jina la banda lilikuwa la Kifaransa, À table, mwito wa kuwaita watu wa nyumbani waje kula. Niliguswa palipo na ugonjwa wangu: hili kwa Kiswahili ni nini? "Mezani" limekufa kabla halijatoka mdomoni, maana meza kwetu ni ya wageni na maofisa. "Chakula tayari" ni taarifa, si mwito. Nilikwenda nalo hadi kituo cha treni, na humo njiani likanijia: "Karibuni jamvini." Jamvi hukunjwa. Likishakunjwa pale mahali ni ua tu, au sebule tu, na kuku wanapita.

Hapo ndipo jambo hili liliponigusa mimi mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimetunga mashairi ya arusi na ya kuaga mahujaji, yakasomwa mara moja, biriani ikapakuliwa, basi. Rafiki yangu mchapaji anataka ayakusanye kitabuni. Anasema yatapotea. Nami hujiuliza kama shairi lililotungwa kwa ajili ya jina la bibi arusi na harufu ya udi ya usiku ule halitakuwa, katika karatasi, sahani chafu iliyogandishwa ukutani. Na hata hivyo sahani zile za Spoerri nimezitazama kwa saa nzima.

Mwaka 1983, huko Jouy-en-Josas karibu na Paris, Spoerri aliwaalika wageni wengi, na walipokwisha kula, meza na vyote vilivyokuwa juu yake viliteremshwa katika handaki lililochimbwa bustanini, vikafukiwa. Mwaka 2010 wanaakiolojia walifukua sehemu yake, kwa brashi na vipimo, kama wafanyavyo katika magofu. Spoerri alikuwa hai bado. Alifariki mwaka 2024.

Mchapaji bado sijamjibu. Nimemwambia tu kwamba, lau nitakubali, chini ya kila shairi yatakuwapo maelezo: nani aliliomba, ilikuwa nyumba ipi, kilipikwa nini, na mvua ilinyesha au haikunyesha. Amelalamika kwamba maelezo yatakuwa marefu kuliko mashairi.