Damu ya Kulwa, Damu ya Doto

Hapa kwetu hakuna anayeajiriwa kwa kazi ya kuchukua damu peke yake. Anayekufunga mpira mkononi na kukuambia "kunja ngumi" huwa ni muuguzi, au mtu wa maabara, au, kwenye zahanati za huko ndani, mhudumu aliyeelekezwa na aliyemtangulia. Mimi ni mtu wa maabara, mzaliwa wa Usoke, wilaya ya Urambo. Hadubini nimeinamia sana, mashine nimeziwasha na kuzizima, lakini nikiulizwa ninachokijua kwa hakika nitataja mkono, mshipa na chupa.

Usoke ni stesheni ya Reli ya Kati, katikati ya Tabora na Urambo. Wajerumani walifikisha reli Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, katika ukanda uleule wa misafara ya zamani ya kwenda Ujiji. Njia hiyo Mtemi Mirambo aliwahi kuifunga mwaka 1871 alipopigana na Waarabu wa Tabora, hata Stanley akalazimika kuzungukia kusini kumtafuta Livingstone. Sisi tuliokulia pale hayo tuliyasoma shuleni tu. Tulichokiishi ni treni ya Kigoma, asali na tumbaku. Baba alikuwa na bani lake la kukaushia tumbaku, mama aliuza karanga stesheni.

Na tuliishi na mumiani. Bibi alituonya kwamba tukiona gari jekundu barabarani tukimbilie porini, maana wazimamoto hukamata watu na kuwatoa damu wakaiuze. Hadithi hiyo ilizagaa Afrika Mashariki nzima enzi za ukoloni; mwanahistoria Luise White ameiandikia kitabu kizima. Kwetu ilipata mbolea ya ziada. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu kutoka mapori ya magharibi ikawakusanya kwenye makazi ya kuwaepusha na mbung'o, inzi waenezao malale. Ugonjwa huo hutambulika kwa kutafuta vimelea kwenye damu, kwa hiyo watu walitobolewa vidole na damu yao ikapakwa kwenye vioo. Mzee ambaye hajawahi kuchungulia hadubini ulitaka aamini nini?

Nilipochaguliwa kwenda chuo cha maabara nilimwendea bibi kumuaga. Aliuliza nakwenda kusomea nini. Nikamwambia kupima damu.

"Ya nani?"

"Ya wagonjwa, bibi."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na mkishaipima mnawarudishia?"

Swali hilo bado naulizwa, na siku hizi nina jibu. Chupa moja ya kipimo huchukua mililita nne au tano. Mtu mzima ana takribani lita tano. Hata anayechangia damu hutoa mililita 450, na mwili huirudisha. Mgonjwa akielezwa hivyo kabla ya kufungwa mpira, mkono wake hulegea, na mkono uliolegea ni rahisi kuchoma. Chuoni hakuna aliyetufundisha hili.

Chuo kilikuwa Singida. Kutoka Usoke nilipanda treni hadi Tabora, kisha basi kupitia Nzega na Igunga, barabara ya vumbi kwa sehemu kubwa, nikafika nimekuwa mwekundu kama tofali. Sifa za kuingia zilikuwa ufaulu wa kidato cha nne katika baiolojia, kemia na fizikia. Wengi tulidhani tutavaa makoti meupe na kukaa na hadubini. Muhula wa kwanza ukaenda kwenye kunawa mikono, kuosha vioo na kukariri majina ya vitu vinavyoweza kukuua.

Sindano ya kwanza ya kila mmoja wetu iliingia kwenye mkono wa mwenzake. Mkono wa plastiki wa mazoezi ulikuwapo kwenye picha ya kitabu. Mwalimu wetu, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo, alitufunga macho kwa leso kwanza, tupapase kiwiko cha jirani kwa upande wa ndani hadi tutofautishe. Ateri inadunda. Kano ni ngumu kama kamba iliyovutwa. Vena ukiibonyeza inazama, ukiachia inakirudisha kidole. Kwa ngozi zetu hilo ndilo la kutegemea, kwani mishipa ya wengi wetu haionekani, na anayesubiri kuiona kwa macho ataishia kumchoma mtu mara tatu.

Mengine yalikuwa sheria zenye sababu, naye alitaka sababu kuliko sheria. Spiriti iachwe ikauke kama nusu dakika, kwa kuwa ikiwa mbichi haijaua wadudu, halafu inawasha na kuvunja chembe za damu. Mpira usikae mkononi zaidi ya dakika moja, la sivyo damu hujikusanya pale na majibu hupanda bila ugonjwa. Mdomo wa sindano utazame juu. Mpira ufunguliwe kabla ya kuchomoa sindano. Kifuniko kisirudishwe kwenye sindano kwa hali yoyote, na boksi la sindano likifika robo tatu lifungwe. Chupa zina mpangilio: kizibo cha bluu hutangulia chekundu, chekundu hutangulia cha kijani, kisha zambarau, kijivu mwisho. Dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye zambarau ina potasiamu. Tone lake likiingia kwenye chupa nyekundu, maabara itamtangazia mgonjwa potasiamu ya kutisha ambayo hana. Na chupa ya zambarau ipinduliwe polepole mara nane hadi kumi. Ukiitikisa, damu inavunjika. Usipoipindua, inaganda.

Juu ya yote kulikuwa na lebo. Iandikwe pale pale, mbele ya mgonjwa, damu ikishaingia. Si kabla, si mezani baadaye. Tuliona ni usumbufu wa kishule mpaka tulipokwenda fildi.

Anayetoka Unyamwezini au Usukumani anajua kwamba kwetu pacha wa kwanza huitwa Kulwa na wa pili Doto, wawe wa kike au wa kiume, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Hivyo kwenye rejista ya siku moja unaweza kukuta akina Kulwa wanne, wawili wao ni Kulwa Maganga. Kwenye hospitali nilikofanyia fildi, ambayo sitaitaja, walilazwa Kulwa na Doto wa mama mmoja, wavulana wadogo, wote wana malaria. Aliyewachukulia damu aliondoka kitandani na chupa mbili zisizo na maandishi, akaziandika kwenye meza ya wodi. Tulipopima, wingi wa damu wa Kulwa ulikuwa gramu nne, wa Doto karibu kumi na moja. Wodi ikaomba damu ya kumwongezea Kulwa haraka.

Msimamizi wangu alikuwa amekwishapanga kundi la damu, kundi A, kisha akaniambia: "Hebu nenda kawaangalie hao watoto kwanza." Nikaenda. Kulwa alikuwa amekaa kitako anakula embe, mikono imelowa hadi viwikoni. Doto alikuwa amelala, viganja vyeupe, anahema kwa tumbo. Tukachukua damu upya na kuandika lebo mama yao akiwa anasikia. Aliyehitaji damu ni Doto, ndiye mwenye kundi A. Kulwa alikuwa kundi O. Tangu Karl Landsteiner aeleze makundi ya damu mwaka 1901 inajulikana kinachofuata mtu wa kundi O akitiwa damu ya A: kinga zake huzivamia chembe hizo na kuzipasua ndani ya mishipa, figo hushindwa, na mtoto hufa kwa tiba. Yule mla embe angeuawa na lebo. Na nduguye angekufa kwa kukosa damu iliyokuwa imeletwa kitanda cha pili.

Cheti nilipata, nikasajiliwa kama msaidizi, baadaye nikarudi kusoma stashahada. Siku hizi mambo yamenyooka zaidi: kuna Sheria ya Wataalamu wa Maabara za Afya ya mwaka 2007, kuna Baraza linalosajili na kutoa leseni, na leseni inahuishwa. Naliunga mkono Baraza, ingawa nina neno. Leseni inaangalia maabara yote kwa pamoja. Hakuna mahali inapouliza: huyu anajua kuchukua damu?

Mwenzangu wa chuo alihamia California, akakuta huko wanauliza hilo tu. Sheria ya jimbo lile inamtaka anayetaka leseni ya kuchukua damu asome saa 40 darasani, afanye mazoezi saa 40, na athibitishe kwamba amechoma mishipa angalau mara 50 na vidole mara 10, kabla ya mtihani wa taifa. Alinipigia simu akilalamika kwamba stashahada yake haikumwondolea kozi. Nilimwambia asome tu. Hatuwezi kuiga hayo yote, sisi ambao zahanati moja inaweza kuwa na watumishi wawili. Lakini zile mara 50 chini ya jicho la msimamizi, mhudumu wa zahanati ya Urambo au Kaliua angezipata bila kujengewa chuo.

Ajira ilinirudisha nyumbani mwaka 2007, na nilifika wakati foleni zimefika uani. Mwezi Julai mwaka huo Rais Jakaya Kikwete na mkewe walipima UKIMWI hadharani Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na nchi nzima ikahamasika. Kupima kwenyewe kulikuwa kwa haraka. Kazi ilibaki kwa wale waliokutwa na virusi, maana walihitaji kipimo cha chembe za kinga (CD4), mashine iko mjini, na damu haingoji. Siku ya kliniki ikapangwa kwa kufuata siku ya gari. Damu ilipanda mabasi, pikipiki, wakati mwingine treni, ndani ya kasha la baridi lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, ikielekea mashariki kama pembe za ndovu za misafara ya zamani. Sampuli iliyoganda njiani ilimaanisha mgonjwa arudi tena kutoka kijiji cha mbali, kwa nauli ambayo hakuwa nayo. Wengine hawakurudi.

Huko ndiko nilikojifunza mikono ya wakulima wa tumbaku. Msimu wa kuvuna, jani bichi huacha utomvu unaonata, ukikauka unakuwa mweusi kama lami, na sabuni ya kipande haiutoi. Ukipaka spiriti mara moja, pamba inatoka ya kahawia. Ukichoma hapo umesukuma uchafu huo ndani. Nilizoea kuwapeleka kwanza bombani, wasugue kwa sabuni na mchanga laini, kisha nifute pamba baada ya pamba hadi itoke nyeupe. Walionisaidia walikuwa wakinung'unika kwamba namaliza pamba za kituo. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, unaniosha kama maiti." Nikamjibu, "Baba, maiti haichomwi sindano." Akacheka, na alipocheka mshipa ukajitokeza, nikamaliza kabla hajajua.

Warina asali ni shida ya aina nyingine. Wao hukaa porini na mbung'o, wanakuja na homa isiyosikia dawa ya malaria. Kipimo cha malaria cha haraka kikisema hakuna, anayejua eneo letu hafungi faili hapo; anatengeneza kioo cha tone nene na kumtafuta mdudu wa malale akijinyonganyonga kati ya chembe. Tone hilo linataka kidole kilichokaushwa vizuri. Spiriti ikiwa mbichi tone linatawanyika, nawe utaandika "hakuna" ilhali yupo.

Tulipoingia kwenye mpango wa kupanda ubora kwa nyota, ule ulioanza kufundishwa Afrika tangu mafunzo ya Kigali mwaka 2009, tulitakiwa kuandika kila sampuli tuliyoikataa na sababu yake. Rejista hiyo ndiyo kitabu kinachoniambia ukweli kuliko vyote maabara. Mashine haikuonekana humo. Sababu zilikuwa: damu imeganda, imevunjika, ni kidogo, chupa siyo, haina jina, jina halifanani na fomu. Kila kosa lilikuwa limeshatendeka kabla sampuli haijavuka mlango wetu, mikononi mwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumtahini.

Wataalamu wenzangu wa wilaya: kila mhudumu anayeshika sindano achomeshwe mbele ya msimamizi na aandikwe kwenye kitabu, hata bila bajeti. Nawe msomaji, siku ukichukuliwa damu, usingoje kuulizwa "wewe ni Kulwa?" ukaitikia kwa kichwa. Taja majina yako matatu na umri kwa mdomo wako. Kisha usinyanyuke kitini hadi umeona kalamu ikiyaandika kwenye chupa.