Cheti cha Gari na Gari la Bi Harusi

Leo sisemi udi wala piko, nasema gari. Wengi wetu tulioolewa tukahamia Uingereza tumejikuta nyuma ya usukani: watoto shule, jioni chuoni, sokoni, hospitali. Na gari likishatimiza miaka 3 tangu kusajiliwa, lazima likaguliwe kila mwaka. Wenyewe wanauita MOT, jina lililobaki tangu ukaguzi huo ulipoanzishwa mwaka 1960 na Wizara ya Uchukuzi ya wakati ule. Ada ya gari dogo haizidi pauni 54.85.

Mengi unaweza kuyatazama mwenyewe kabla hujalipeleka. Washa taa zote, mwambie mtu asimame nyuma akutazamie za breki. Piga honi. Vuta mikanda yote, hata ya viti vya nyuma. Jaza maji ya kuoshea kioo, uone wipa zinafuta au zinapaka tu. Mifereji ya tairi isipungue kina cha milimita 1.6, chomeka sarafu ya peni 20, ukiona ukingo wake wa nje, mpelekee fundi apime. Na ile tasbihi na mapambo uliyotundika mbele, yaondoe yasimzibe dereva.

Lakini yapo ambayo macho yetu hayayafikii. Mwaka juzi wifi yangu alikuwa anaolewa Jumamosi, na gari letu ndilo lililopangwa kumchukua. Jumatano nikalipeleka ukaguzi. Taa sawa, tairi sawa, likaanguka kwenye breki: paipu inayopeleka mafuta ya breki nyuma imeliwa na kutu. Sisi watu wa visiwani tunaijua chumvi inavyokula mabati. Huku, baridi ikikaza, humwagwa chumvi barabarani kuyeyusha barafu, nayo hurukia chini ya gari ikakaa huko.

Fundi hakuwa na nafasi mpaka Jumatatu. Hapo maneno yakaanza, maana cheti cha zamani kilikuwa kimebakiza siku 9.

"Wifi, si bado hakijaisha? Twende pole pole tu."

Mkwe wangu kanyamaza, jicho kwangu. Maua yameshanunuliwa. Na mimi ni mke wa kaka. Nani anataka kuambiwa kaharibu harusi ya watu?

Nikawajibu kwamba siku 9 ni za karatasi, paipu haina habari nazo. Na sheria ya huku haikuruhusu kuendesha gari bovu eti kwa sababu cheti kiko hai. Mume wangu akaniunga mkono, tukakodi teksi. Bi harusi alinuna mpaka mlangoni mwa ukumbi, na siku kadhaa mazungumzo yetu yalikuwa ya salamu tu, siwafichi. Jumatatu paipu ikabadilishwa. Kwa kuwa gari lilibaki gereji ile ile na siku 10 za kazi hazijapita, wakakagua tena kile kilichoanguka tu, bila ada.

Ninachotaka mkichukue ni hiki: cheti kinaeleza gari lilikuwaje siku ile lilipokaguliwa. Wiki ya pili hakiijui. Hata likipita, isome ile karatasi mpaka mwisho, kwani mkaguzi huandika pia vitu vilivyoanza kuchoka. Usiitie kwenye droo. Viandike vitu hivyo kwenye simu na uvitafutie pesa kidogo kidogo.

Kwa mabi harusi mnaotaka kununua gari la mkononi: ingiza namba yake kwenye tovuti ya serikali, utaona bure lilianguka lini, kwa nini, na limetembea maili ngapi. Na ukaguzi unaweza kuufanya mwezi mmoja kasoro siku moja kabla cheti hakijaisha, na tarehe yako ya mwaka ujao ikabaki ile ile. Hapo fundi akikwambia "Jumatatu", hakuna anayekosa harusi.

Dua ya safari tunaisoma tukishapanda. Lakini ngamia hufungwa kwanza, ndipo ukategemea kwa Mola. Breki nazo zitazamwe kabla hujampakia mtoto wa mwenzio, wako, au bi harusi.