Herufi f Si Namba

Ndugu walimu, huku Nachingwea na Ruangwa twaona wanafunzi wengi wakisoma f(3) kuwa ni f mara 3, kwani wamezoea kwamba mabano ni kuzidisha. Twawaambia: f ni jina la kanuni, nayo x ni nafasi ya namba iingiayo. Alama hiyo Euler aliitumia mwaka 1734.

Kisha twashika korosho. Tuseme kilo ni shilingi 2,000, na uchukuzi hukatwa 5,000: f(x) = 2,000x − 5,000. Mwenye kilo 30 hupata f(30), yaani shilingi 55,000. Na f(0)? Hapo hucheka, maana asiyeleta korosho hadaiwi. Ndipo wajuapo kuwa kanuni ina mipaka. Mtoto aelewaye hayo ataikagua stakabadhi ya babaye ghalani, wala hawatapunjwa.