Programu Imesema Imemaliza, Lakini Nyuso Ziko Wazi

Maharusi watarajiwa, leo tuna habari ya kompyuta. Msikimbie, maana inahusu sitara zenu.

Sisi tunapaka hina na tunapiga picha usiku wa hina, wanawake kwa wanawake. Bi harusi wengi hapa Unguja wanataka mikono na miguu ionekane, watu waone kazi, lakini sura zao na za wageni wao zisitoke nje. Usiku mmoja unaweza kuwa na picha mia nne, na kufunika sura moja moja ni kazi ya siku mbili. Ndipo binti wa mama yetu mdogo, anayesoma mambo ya kompyuta, akatuandikia programu fupi kwa lugha ya Python. Inafungua kila picha, inatafuta nyuso, inazitia ukungu, inaongeza mwanga kidogo, kisha inahifadhi nakala. Tukakaa naye jioni tatu tukiijaribu kwa picha zetu wenyewe, za harusi ya ndani ya familia, kabla hatujaigusisha picha ya mteja yeyote.

Kosa la kwanza lilikuja na kelele. Picha za iPhone ziliikwamisha programu palepale, kwa sababu simu hizo tangu 2017 zinaweza kuhifadhi picha kwa mtindo wa HEIC, na Pillow, maktaba tuliyoitumia kufungulia picha, haiufungui bila kiongezeo. Programu ikasimama na kuandika kilichoishinda, tukasoma, tukaongeza kinachokosekana, basi. Kosa la namna hii halitutishi. Ni kama mpishi anayekuita jikoni kukwambia nazi zimekwisha.

Yanayotutisha ni ya kimya. Programu ilienda mpaka mwisho, ikaandika imemaliza, na hina ikatoka ya buluu! Wekundu wote ule wa usiku mzima, buluu. Sababu yake ni hii: kila nukta ya picha ina namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu. Pillow huzipanga hivyo hivyo. OpenCV, maktaba ya pili, huanza na buluu na kumaliza na nyekundu. Picha ikifunguliwa na moja na kuhifadhiwa na nyingine bila kugeuza mpangilio, rangi zinabadilishana nyumba. Mstari mmoja wa kugeuza ulitosha.

Shela nyeupe nayo ikatoka na mabaka meusi, kama imemwagiwa wino. Namba ya nukta haivuki 255, na programu ilikuwa inaongeza 40 kila mahali ili picha ing'ae. Palipokuwa na 230 pakahitajika 270, ambayo haina pa kukaa, hivyo NumPy inazunguka na kuanza tena chini: inabaki 14, karibu na weusi mtupu. Haisemi kitu, inazunguka tu kama saa ya ukutani inayotoka kumi na mbili kwenda moja. OpenCV ina njia yake ya kujumlisha inayogota kwenye 255, tukaitumia hiyo.

Rangi angalau zinaonekana kwa jicho. Nyuso ndizo zilizotukosesha usingizi. Picha zilizopigwa simu ikiwa imesimama zilitoka zimelala ubavu, na karibu zote zilikuwa na sura wazi. Simu nyingi huhifadhi picha imelala, zikaandika pembeni, kwenye maelezo yanayoitwa EXIF, kwamba igeuzwe. Pillow haigeuzi mpaka iamrishwe. Na kitafuta nyuso tulichokuwa nacho kinafuata njia ya Paul Viola na Michael Jones ya 2001, inayotazama tofauti za giza na mwanga, kwa mfano macho kuwa na kiza kuliko mashavu. Uso ukilala, kwake hakuna uso. Dawa ni kuigeuza picha kwanza, kabla ya kutafuta chochote.

Mwenzake wa darasani alimpa njia ya mkato: nakili yale maelezo ya EXIF kwenye picha mpya, simu itaigeuza yenyewe. Tukaijaribu, na picha zikasimama vizuri. Lakini EXIF mara nyingi hubeba ndani yake kijipicha kidogo cha picha ya asili. Tukakitoa kwa programu ya ExifTool, na hapo ilikuwepo sura ya ndugu yetu bila ukungu wowote, chini ya picha iliyofunikwa. Pamoja nayo, mahali nyumba ilipo. Njia hiyo tumeikataa kabisa. Sasa picha inageuzwa, inafunikwa, na inahifadhiwa bila maelezo yale. Na nyinyi mkimpa mtu picha zenu azifunike, muulizeni swali hili moja: maelezo ya ndani umeyatoa?

Hata hivyo kuna sura zilizobaki. Bi harusi akipakwa hina anainamia mikono yake, bibi anageuka ubavu kumsemesha jirani, na kitafuta nyuso chetu kilifundishwa sura zinazotazama mbele. Hii ya kutuona vibaya haiko kwetu tu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za biashara zinazokisia jinsia kwa sura, na kwa wanawake wenye ngozi nyeusi makosa yalifika asilimia 34.7, huku kwa wanaume weupe hayakuvuka 0.8.

Ukilegeza masharti ya programu, inakamata sura nyingi zaidi, lakini inaanza kuyatia ukungu hata maua ya hina kwenye kiganja, ikidhani ni uso. Ukiyakaza, maua yanapona na sura zinaponyoka. Tukabishana kidogo, maana ua lile lina saa nzima ya kazi ndani yake. Tumelegeza. Ua lililofunikwa tunalirudisha kwa mkono, na kila picha inapitiwa na macho ya wawili wetu kabla haijatoka. Kati ya zile za majaribio tulikuta kumi na moja bado ziko wazi, tisa kati yake za bibi yetu, ambaye usiku ule hakutulia hata dakika moja.