Vitabu Viwili Ndani ya Liemba

Mwaka 2007 nilikuwa na cheti kipya cha utabibu, begi moja, na barua ya kunipangia zahanati ya kijiji kimoja jirani na Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Ziwa lenyewe sikuwa nimewahi kuliona. Treni ya Reli ya Kati ilinichukua Dodoma ikanishusha Kigoma nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na Jumatano jioni nikapanda Liemba.

Habari za meli hiyo zimesimuliwa sana, nami nitataja hili tu: Wajerumani waliijenga 1913, wakaizamisha wenyewe 1916 ili adui asiipate, na Waingereza wakaiopoa 1924. Usiku wa kwanza, chuma kikikoroma chini ya mgongo wangu, nilijiambia kwamba chombo kilicholala chini ya maji miaka mingi na kuamka hakina la kuogopa. Mwenye hofu nilikuwa mimi. Chuoni kila nilipoandika dawa palikuwa na mwalimu nyuma ya bega langu. Huko niendako tungekuwa wawili tu, muuguzi na mimi.

Begini nilibeba mwongozo wa taifa wa uchunguzi na matibabu ya malaria wa 2006. Haukuwa kitabu cha kutamanisha. Lakini ulikuwa umebeba jambo kubwa: dawa ya SP, iliyochukua nafasi ya klorokwini mwaka 2001, nayo ilikuwa inaondolewa kwenye matibabu ya kawaida, ibaki kinga ya wajawazito. Mahali pake iliingia ALu, ambayo watu wameizoea kwa jina la mseto. Yaani ndani ya miaka sita taifa lilikuwa limekiri mara mbili, kwa maandishi, kwamba dawa ambayo lilikuwa likiwapa watu haitoshi tena.

Asubuhi yake nilikutana na kitabu cha pili. Mwenyewe alikuwa bwana mtanashati, mwakilishi wa kampuni ya dawa, anayezungukia maduka ya mwambao. "Dokta," aliniita. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniita hivyo, na sitaficha, lilinikaa vizuri masikioni. Akanipa kijitabu cha karatasi inayong'aa, chenye picha ya mtoto anayecheka. Dawa yake ilikuwa artesuneti, peke yake. "Hii haina hesabu za saa, Dokta. Leo anameza, kesho anakuja kukushukuru."

Ugumu ni kwamba hakuwa akidanganya. Dawa za jamii hiyo hushusha homa upesi kuliko karibu dawa zote za malaria. Kijitabu chake kilinyamazia yanayofuata. Dawa hiyo hutoka kwenye damu baada ya saa chache. Mgonjwa akishapata nafuu huacha vidonge njiani, na vimelea vilivyosalia ndivyo vitakavyozaana vikiwa vimekwisha kuionja dawa. Ndiyo maana katika mseto dawa ya jamii hiyo ina mwenza, lumefantrini, anayebaki mwilini siku kadhaa kumalizia kazi. Januari 2006 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limezitaka kampuni ziache kuuza dawa hizo bila mwenza. Kwenye karatasi ile inayong'aa, hata herufi moja kuhusu hilo.

Niliutoa mwongozo wangu nikaviweka vitabu hivyo viwili pajani. Kwa uzuri wa kutazama, cha bwana yule kilishinda. Nikajiuliza swali ambalo hakuna mtihani uliowahi kuniuliza: nani atapata hasara nikikataa kumwamini bwana huyu, na nani atapata hasara nikikataa kumwamini yule aliyeandika mwongozo? Nisikudanganye, mseto nao una mwenye kiwanda. Novartis ya Uswisi ilikuwa ikiutengeneza. Ila aliyeamua uandikwe mwongozoni hakulipwa kwa idadi ya pakiti ninazotoa, na kesho ukishindwa ataufuta kama alivyofuta klorokwini. Muuzaji hafuti bidhaa yake mwenyewe.

Kalamu yake niliichukua, na kalenda pia. Niliandikia daftari la MTUHA, la kumbukumbu za wagonjwa, kwa kalamu ile miezi mitatu.

Karema hapakuwa na gati la kutufaa. Mitumbwi iliifuata meli, nikateremka na begi kichwani. Pale pwani niliambiwa habari za Adrien Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, na kutibu watu Karema tangu 1889 mpaka alipofariki 1956. Miaka 67! Nilijiona mdogo kama dagaa.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mtoto wa kilo kumi na moja, homa kali, ananyonya vizuri. Kipimo cha malaria hatukuwa nacho. Mtoto wa umri ule mwenye homa tulimtibu kwa dalili. Mama yake alitaka sindano.

"Aliyekuwepo kabla yako alichoma kila mtu," muuguzi alininong'oneza. "Wamezoea, mwanangu."

Mwongozo uliweka sindano ya kwinini kwa mgonjwa mahututi: mwenye degedege, aliyepoteza fahamu, anayetapika kila kitu. Nilimfungulia mama ukurasa wenye jedwali la uzito, nikamwonyesha mstari wa mwanawe. Akauangalia, akaniangalia. "Kwa hiyo si wewe unayenibania?" Nikamwambia si mimi. Tukampondea mtoto kidonge, akameza, akanyonya, tukakaa nusu saa kuona kama atatapika. Hakutapika.

Dozi ya pili ni baada ya muda wa saa nane, na nyumbani kwake hapakuwa na saa. Hapo kitabu kilinyamaza, muuguzi akasema: "Sasa ni saa nne. Mpe mitumbwi ya dagaa ikiwasha karabai. Kesho na keshokutwa, ikirudi umpe, ikitoka umpe." Jioni ya tatu mama alikuja na karatasi ya vidonge iliyo tupu.

Nilipindua ile kalenda inayong'aa, na mgongoni mwake mweupe tukachora jedwali la kilo, mitumbwi ikiwa ndiyo saa. Ikaning'inia ukutani miaka kadhaa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kila homa ipimwe kwanza, na vipimo vya haraka vilipotufikia tukaona watoto wengi tuliowapa mseto hawakuwa na malaria hata kidogo. Muuguzi akapanda juu ya kiti. "Mstari wa kwanza unasema homa, toa mseto," akasema, akaibandua.