Kisu cha Mfukoni Huchaguliwa Kikiwa Kimefungwa

Mtu aingiapo dukani kununua kisu cha kukunja, aghalabu jambo lake la kwanza ni kukifungua. Huutazama ubapa unavyong'aa, huyapima makali kwa kidole gumba, huuliza pua yake imetoka nchi gani, kisha hulipa na kwenda zake. Mambo hayo yote yana maana, lakini ni nusu tu ya habari. Kisu cha mfukoni hufanya kazi dakika chache kwa siku, na saa zote zilizobaki hukaa kimefungwa, kikitembea pamoja na mwenyewe shambani, ofisini na sokoni. Basi anayekichagua kikiwa wazi tu huzipima zile dakika chache, akazisahau saa nyingi.

Methali yasema kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Wengi hulishika neno "kikali", wakalipita lile la kwanza, yaani "mwenye". Kisu kilichoachwa nyumbani, hata kiwe kikali cha kunyolea ndevu, hakina mwenyewe saa ile kinapotakiwa.

Mkulima mmoja wa nyanda za juu za Kenya alilijua jambo hili kwa hasara. Alikuwa na kisu kizuri, chenye ubapa mpana na mpini uliopambwa kwa shaba, na kila mgeni aliyekishika alikisifu. Lakini kilikuwa kizito. Kikiwa katika mfuko wa kaptura kiligonga paja kwa kila hatua. Alipoinama kupalilia kilimchoma nyonga, na mara mbili kilitoboa mfuko hata mkewe akalazimika kuushona. Haikuwapo siku aliyoamua kukiacha kabisa. Siku moja alikitoa kwa sababu ya palizi, siku nyingine kwa sababu ya safari ya baiskeli, na mwisho kikapata makao yake juu ya rafu karibu na taa.

Ndipo asubuhi moja mtamba wake alipouzunguka mti aliofungiwa, kamba ikamkaza shingoni, akateleza na kuanguka mtaroni. Kadiri alivyojitupa ndivyo fundo lilivyozidi kukaza. Mkulima alikuwapo pale pale. Aliishika kamba kwa mikono miwili, akajitahidi kuilegeza hata kucha zikatoka damu, naye akamtuma mtoto mbio nyumbani akalete kisu. Nyumbani hapakuwa mbali. Mtoto alirudi akitweta, na kamba ikakatika kwa pigo moja, maana kisu kilikuwa kikali kweli. Lakini mtamba alikuwa amekwisha kufa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kisu cha mbali hakikati kamba. Mtamba yule ndiye aliyetegemewa kuleta maziwa, na maziwa ndiyo yaliyotegemewa kulipa karo ya mtoto mdogo.

Mwisho wa mwezi mwanawe mkubwa, ambaye ni karani mjini, alikuja kuwapa wazazi pole. Alipokiona kisu rafuni alisema, "Baba, nitakutafutia kingine kikali kuliko hiki." Mzee akamjibu, "Makali hayakukosa, mwanangu. Kilichokosa ni kuwapo."

Wakaenda pamoja dukani. Mwenye duka alipanga visu vyake mezani, vyote vimefunguliwa. Mzee alikifunga kimoja kimoja, akakitia mfukoni, akachuchumaa, akainuka, akatembea hatua chache hata mlangoni na kurudi. Mwenye duka alishangaa, akauliza, "Mzee, mbona huvitazami?" Mzee akasema, "Ninavitazama kwa paja."

Mzee yule hakuwa wa kwanza kulitambua jambo hilo. Katika mwaka wa 1891 fundi wa Uswisi aitwaye Karl Elsener, ambaye karakana yake ilikuwa Ibach, alianza kuliuzia jeshi la nchi yake visu vya kukunja. Kisu cha askari kilikuwa imara, lakini kilikuwa kizito. Kwa hiyo Elsener alibuni kingine chepesi zaidi kwa ajili ya maofisa, na kikaandikishwa rasmi tarehe 12 Juni, 1897. Shabaha yake ilikuwa kuongeza vifaa bila kuongeza mzigo: vifaa sita vilishikwa kwa kamani mbili tu. Maofisa walikinunua kwa fedha zao wenyewe. Kisu hicho ndicho baba wa visu vyekundu vinavyojulikana leo duniani kote kwa jina la Victorinox, na kipimo chake kilichozoeleka ni urefu wa milimita 91 kikiwa kimefungwa.

Jambo la kwanza la kupima, basi, ni uzito. Yafaa kukumbuka kwamba mfuko wa siku hizi hubeba pia simu, funguo na sarafu. Kisu cha Kifaransa kiitwacho Opinel, kilichobuniwa na Joseph Opinel katika nchi ya milima ya Savoie mwaka 1890, ni mfano mwema. Hutengenezwa kwa vipimo vyenye nambari, na nambari 8, ambayo watu wengi huipenda, ina ubapa wa sentimita 8.5, lakini uzito wake haufiki gramu 60, kwa kuwa mpini wake ni mti mtupu. Mkulima akibebapo kisu cha namna hiyo katika kaptura nyepesi, kitambaa hakivutwi chini.

Jambo la pili ni unene na umbo. Opinel ni chepesi, lakini mpini wake ni wa mviringo, nao hutuna mfukoni na kubingirika mtu anapoketi. Kinyume chake ni kisu kiitwacho Douk-Douk, kilichoanza kutengenezwa katika mji wa Thiers, Ufaransa, mwaka 1929, kwa ajili ya kuuzwa visiwa vya Pasifiki, na ambacho baadaye kilipendwa sana Algeria. Mpini wake ni bamba moja la chuma lililokunjwa, nao ni mwembamba hata hulala juu ya paja kama rula. Lakini kila jambo lina bei yake: mpini mwembamba huumiza kiganja cha mtu anayekata kwa muda mrefu, na mpini mnene humfaa. Hapo kila mtu na ajiulize kama kazi yake ni kukata kamba mara mbili kwa siku, au ni kuchonga mipini ya majembe mchana kutwa.

Jambo la tatu ni pembe na vitu vinavyochomoza. Kisu kiitwacho Okapi kinajulikana katika sehemu nyingi za Afrika. Kilitengenezwa kwanza Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na tangu 1988 kimekuwa kikitengenezwa Afrika Kusini. Jina lake ni la mnyama wa misitu ya Kongo. Kina mpini mwembamba wa mti, na mgongoni mwake mna pete ya kuvuta ili kuufungua mtego unaoushika ubapa. Pete hiyo ni kinga ya vidole wakati wa kazi, lakini yaweza kunasa uzi wa mfuko wakati wa kukitoa. Anayekipenda kisu hicho na achague suruali yenye mfuko wa kitambaa kigumu.

Jambo la nne ni kubwa kuliko yote: kisu kibaki kimefungwa. Kisu kilicholegea kwenye msumari wake huweza kufunguka chenyewe mfukoni, na mkono unaoingia kutafuta sarafu hukutana na makali. Njia ya kujaribu ni rahisi. Kishikwe kwa mpini, ubapa ukielekea chini, kitikiswe kwa nguvu mbali na mwili. Kikifunguka, kirudishwe mezani, hata kiwe kizuri namna gani. Katika visu vya Opinel pete ya kuuzuia ubapa ilianza kutiwa mwaka 1955, nayo mwanzoni ilizuia kisu kisijifunge wakati wa kazi. Baadaye ilirekebishwa ili izuie pia kisijifungue mfukoni.

Jambo la tano ni kutoka. Kisu kinachokaa vizuri lakini hakitoki upesi ni sawa na kile cha rafuni. Lazima kijaribiwe kwa mkono uliolowa na kwa mkono wa kushoto pia, maana mkono wa kuume huenda umeshika kamba ya mnyama. Mpini wa mti ukilowa mvua huvimba, na ubapa huwa mgumu kufunguka, kwa hiyo wenye visu hivyo huvikausha. Kampuni ya Spyderco ya Marekani ilitoa mwaka 1981 kisu chenye kibanio ubavuni, kinachoning'inia kwenye ukingo wa mfuko badala ya kuzama chini. Ni msaada mkubwa kwa mtu wa shambani. Lakini kibanio huonekana na kila mtu, na katika gari lililojaa abiria kinachoonekana huweza kuchomolewa. Ugwe mfupi uliofungwa kwenye mshipi hufanya kazi ile ile kwa bei ndogo, almradi mpini una tundu.

Karani naye ana mahitaji yake. Hukata uzi wa vifurushi, huchonga penseli, hufungua bahasha. Kisu kikubwa hulemaza suruali yake na kuwatia wageni hofu. Kuna visu vya milimita 58, vyenye uzito wa gramu 20 na kitu, ambavyo hukaa pamoja na funguo na kusahauliwa. Hata hivyo mtu wa mjini na wa safari hana budi kujua sheria ya mahali aendako. Katika Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1988 humruhusu mtu kuchukua hadharani kisu cha kukunja ambacho ubapa wake haukazwi kwa kizuizi na makali yake hayazidi inchi 3; kinachozidi hapo hutaka sababu njema. Na katika ndege kwa kawaida kisu hakiingii pamoja na abiria, bali huwekwa katika mizigo ya chini.

Mzee alichagua kisu chembamba chenye mpini wa chuma, kisicho na urembo wowote, naye karani akachukua kidogo cha kutundika kwenye funguo. Kile kisu cha zamani hakikutupwa. Kiko jikoni, kinakata nyama na mboga, na mama wa nyumba hukisifu kila siku, maana hapo ndipo mahali pake.

Kinachobaki ni utunzaji. Mfuko hukusanya vumbi, makombo na jasho, navyo huingia katika maungio ya kisu. Mara moja kwa juma kifunguliwe, kipanguswe kwa kitambaa kikavu, na tone moja la mafuta litiwe kwenye msumari. Pua isiyo ya namna ya kuzuia kutu ipakwe mafuta kidogo hata ubapani, kwa kuwa jasho la paja huileta kutu upesi. Na kila asubuhi, kabla ya kutoka mlangoni, mkono upite juu ya mfuko mara moja, kuhakikisha kwamba kisu kimo.